Nilivyofiwa kwa Ajili ya Kodi

Jumatatu, 4 Machi 2013. Tarime mjini.
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Asubuhi Mama Wegesa, mwenye nyumba wetu, kasimama mlangoni na kutangaza kuwa kodi ya chumba inapanda kutoka elfu ishirini hadi elfu sitini. Tusipolipa, ndani ya wiki mbili tuhame. Nikamuuliza kilichoongezeka ni nini, maana bati bado linavuja. Kajibu kuwa tangu dhahabu ionekane kwenye mashimo mapya, wachimbaji wanalipa bila kupatana bei. Mimi nashona sare za shule. Dhahabu sijawahi hata kuishika.

Jumanne, 5 Machi
Joel wa chumba cha pili, fundi baiskeli, kalipiwa kodi ya miezi mitatu na kanisa. Joel! Ibada yenyewe anakuja wakati wa matangazo. Kumbe ipo kamati ya kusaidia wapangaji wenye kipato kidogo, na mwenyekiti ni Mama Philomena, mwalimu mstaafu. Mke wangu Regina kasema twende wote na watoto wetu wawili, tueleze hali yetu ilivyo. Hali ilivyo nani ataihurumia? Mji mzima uko hivyohivyo. Joel kahurumiwa kwa sababu mkewe kamkimbia. Basi mimi nitampita. Mke wangu amefariki.

Jumatano, 6 Machi
Nimempakia Regina na watoto kwenye gari la kwenda kijijini kwao, Nyarero. Nimemwambia mama yake anaumwa mgongo. Kisha nikaenda kwa Mama Philomena, nikampa shikamoo, nikalia. Kauliza marehemu aliuawa na nini. Nyoka, nikasema. Nyoka gani? Sikumwona vizuri. Na watoto? Nikaogopa asije akataka kuwaona. Nikasema hatukujaliwa. Kaandika yote kwenye daftari, kanipa pole, kaahidi kunitembelea Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya kulaaniwa. Mama Philomena kaja na wajumbe wawili, kaangalia chumba, kasema safari hii msaada ni wa familia zenye watoto.
"Mwanaume peke yako, baba, utapata wenzako mchangie chumba."
Nikasema watoto ninao, wawili.
"Jumatano hukuwa nao."
Hapohapo Joel kapaza sauti kutoka uani, akiuliza Regina anarudi lini kutoka Nyarero. Huyo mtu simsamehe. Kwa nini asishike baiskeli zake? Mama Philomena kafunga daftari. Mjumbe mmoja alikuwa anacheka kwenye kitambaa.

Jumamosi, 9 Machi
Regina karudi. Alimkuta mama yake shambani, analima, mgongo mzima kabisa. Habari ya kifo chake kaipata stendi, kutoka kwa mwanamke aliyerudi nyuma hatua tatu alipomwona.
"Umeniua, Olima," kasema, "na hata matanga hukuweka."
Nikaeleza mpango wangu. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kwa sauti ya chini: wangekubali, wakakulipia chumba cha mtu mmoja asiye na watoto, sisi watatu tungeishi wapi? Hasira zikanipanda zaidi kwa sababu hilo sikuwa nimelipanga.
Kawapigia watoto nguo pasi, kawashika mikono, kaenda mwenyewe kwa Mama Philomena. Karudi na barua. Miezi mitatu, fedha zinakwenda moja kwa moja kwa Mama Wegesa, mkataba kwa jina la Regina. Mimi nimeandikwa chini ya watoto: mtegemezi. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Halibadiliki.

Jumatatu, 11 Machi
Regina yuko sokoni, watoto shuleni. Saa nne kapita mchimbaji na begi lake, anatafuta pa kulala, mji umejaa. Nikaangalia chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Mtu aliyejikunja anatosha pale. Kalipa wiki nzima bila kupatana, na sasa anakoroma. Regina akirudi nitamwambia ni binamu yangu, Mjaluo mwenzangu kutoka Migori, Kenya. Anaongea Kisukuma kitupu, lakini Kijaluo nitamfundisha kabla ya saa kumi.