Waya wa Shaba na Sharbati Yangu

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Balaa! Wateja watatu wanaharisha, na wote walikunywa sharbati yangu ya ubuyu. Bwana Afya, Bartolomayo, kachota maji ya pipa langu, yale yanayoletwa na mpira kutoka bomba la mtaa. Kasema Jumatatu ijayo atapima tena, na yakiwa bado machafu, leseni yangu basi. Na nani anakinyemelea kibanda hiki cha stesheni? Shaaban, muuza maji ya ndimu! Kaniuliza hali ya tumbo mbele ya wateja. Mshenzi.

Jumanne, 7 Agosti
Nimesugua mpira kwa sabuni. Nje kote, unang'aa. Mke wangu Batuli kauliza, na ndani je? Nikamjibu maji yanapita humo mchana kutwa, yanaosha yenyewe. Maswali mengine bwana!

Alhamisi, 9 Agosti
Bartolomayo kapasua kipande cha mpira, kaniambia nipitishe kidole. Ute! Bamia tupu. Kaeleza kuwa vijidudu hung'ang'ania ndani ya mpira, hujijengea ute, na maji hayaving'oi. Kwenye bomba la shaba hupata tabu kushika, ila nalo lioshwe. Nimemwelewa kabisa.

Jumamosi, 11 Agosti
Bomba la shaba dukani kwa Chandulal bei yake ni ya kuolea! Lakini anauza waya wa shaba, ule wanaojivika Wagogo mikononi. Nimeuzungushia mpira wote, kwa nje. Vijidudu vikiona shaba, mbio! Shaaban kacheka hadi kamwaga ndimu. Wivu huo.

Jumatatu, 13 Agosti
Bartolomayo kachota maji. Kautazama waya, kanitazama mimi, kaondoka na chupa yake. Kashangaa mtu mzima!

Ijumaa, 17 Agosti
Barua imefika. Maji safi! Leseni ninayo! Nimeshangilia hadi Batuli kaniomba nikae chini. Kasema Jumatatu alfajiri aliuchomoa mpira pipani, akasugua pipa, akalijaza maji aliyochemsha nyumbani na kuyabeba kichwani. Kila siku tangu hapo. Masikini, hataki waya upate sifa. Nimemkataza kupoteza kuni, nikaurudisha mpira wangu.

Jumatatu, 20 Agosti
Wateja watano wanaharisha. Mimi wa sita. Bartolomayo anakuja kesho. Batuli analilia kuni zake, nimekataa katakata. Kosa nimeshaligundua: waya ulikuwa mwembamba. Nakwenda kwa Chandulal kuchukua mnene.