Paa la Zege Lililomhamisha Dada Yako

Kwa Shemeji yangu, Fundi wa ukoo mzima,

Salamu nyingi kutoka kwenye nyumba uliyoniezekea. Mimi ni mzima, ila nimelowa. Natumaini nawe u mzima na mkavu, pamoja na mgeni wako wa siku ya kumi na moja leo, yaani mke wangu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husemi kitu zaidi ya sawa, Shemeji, sawa, Shemeji. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na sita, na najua kwamba lalamiko lisilo na namba halina mwenyewe. Kwa hiyo nayapanga.

1. Ushauri. Nilipokwambia nataka kung'oa mabati na kumwaga zege, paa bapa lenye ukuta mfupi pembeni kama la yule daktari wa meno wa kwenye kona, ulinishauri niache. Nakubali. Ulinishauri mara tatu. Lakini, Shemeji, ulinishauri kwa sauti ya chini, ukinywa chai, macho yakiwa kwenye kikombe. Mtu anayeijua hatari hupiga kelele. Ningekuwa natembea kuelekea shimoni, ungeninong'oneza? Basi kosa la kuchagua paa hili ni lako, ndiyo maana nimeliweka la kwanza.

2. Matumizi. Nilimwahidi dada yako kwamba juu kule ataweka cherehani yake apate mwanga na upepo, nami nitaweka kiti niwe namwangalia akishona. Kiti nilikiweka. Sasa maji yamekifika magotini.

3. Maji yenyewe. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Mvua ya kwanza ilinyesha, tukafurahi. Mvua ikakatika, maji hayakuondoka. Yametulia katikati ya paa kama mgeni aliyekwisha kuulizia taulo. Fundi wa umri wako, aliyeezeka nusu ya mtaa huu, hajui kwamba maji yanahitaji pa kutokea? Vyura wamehamia bila kuniuliza. Bata wawili wa jirani wamejifunza kupanda ngazi zetu, na mwenye bata amekuja kunishukuru. Ameniuliza pia, kwa adabu kabisa, kama ninaweza kuongeza kina kidogo.

4. Chumbani. Zege limepata ufa, na ufa huo una macho. Chumba kina upana wa hatua tano, lakini tone la kwanza lilichagua mto wa dada yako. Tukasogeza kitanda, na tone likasogea. Tumekihamisha mara nne, na sasa kipo sebuleni, kimetazama mlango. Wageni wanakikalia wakidhani ni mtindo mpya. Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya pili alipokuja kuazima nyundo alimkuta dada yako amelala, shuka hadi kidevuni. Akamwamkia, akapewa nyundo, akaondoka kinyumenyume.

5. Jikoni. Sipiki. Sufuria zote ziko kazini.

6. Kuondoka. Alhamisi ile alifunga cherehani yake kwenye shuka, akachukua mto na ile chupa ya chai nzuri, akasema atarudi siku nyumba itakapojua kazi yake. Akaja kwako. Kwako! Wewe unayelala chini ya mabati yenye mteremko ambao hata mjusi akipanda anajuta. Sikutuhumu, natazama tu ushahidi: umenipa paa linalomfukuza mke, ukabaki na lile linalompokea. Mtu asiyekujua angesema ulipanga tangu mwanzo kumrudisha dada yako nyumbani, ukatumia nondo na kokoto kufanikisha. Mimi ninakujua, na bado nalisema.

Kwa hayo yote naomba utekeleze moja kati ya mambo haya, bila kuchelewa:

(a) Umrudishe mke wangu, nawe usimame juu ya paa na mwavuli mpana kila mvua inapotishia.

(b) Kama hilo ni gumu, tubadilishane mapaa. Njoo na watu wako, mlichukue hili likiwa zima, mniletee lako. Vyura ni sehemu ya paa, watakufuata.

(c) Kama nalo ni gumu, wewe na familia yako mhamie huku, nami nihamie kwako nikaishi na mke wangu, kwa kuwa ndiko aliko. Hii naiona ndiyo nafuu kwa wote.

Nisipopata jibu katika siku saba nitamwandikia mama mkwe, jambo ambalo sisi sote wawili tunaliogopa.

Msalimie mama watoto. Wasalimie watoto, hasa yule wa mwisho aliyeniuliza kama kwetu kuna samaki. Dada yako mwambie sijambo. Usimwambie ninakula nini.

Ndimi mume wa dada yako, ambaye hajakauka bado,
Karani

Nyongeza: Nimeisoma barua hii mara mbili, na nimeshindwa kuifunga. Siku ulipomaliza kazi na kuondoka, nilipanda juu na pima maji ya kuazima, nikaona upande wa nyuma uko chini kwa upana wa vidole vinne. Nikasema Shemeji amenipunja, nimeagiza bapa kanipa kilima. Sikukuuliza. Dada yako alipokwenda kwenye kikao cha washonaji, nilichanganya mifuko mitatu ya saruji kwa mikono yangu, nikasawazisha mpaka paa likawa kama meza. Na lile tundu la kwenye kona, ambalo nilidhani umesahau kulifunika, nililiziba. Katika nyumba hii yote, ni pale tu pasipovuja.

Dada yako hajui. Anadhani ni kazi yako, na nasikia siku hizi anakupakulia chakula bila kukutazama. Nawe tulipokuita baada ya mvua ya kwanza, ukapanda kukagua, lazima uliiona saruji yangu, maana hata rangi yake si moja na yako, lakini ukashuka, ukanawa mikono, ukasema utafikiria. Umenistahi mbele ya mke wangu, nami nikakuandikia malalamiko sita. Naona aibu, Shemeji.

Mpe dada yako barua hii aisome yote, hadi hapa. Kisha uje na patasi tulizibue lile tundu. Ukimwona anatafuta viatu vyake, msubiri.