Malalamiko Dhidi ya Kibao Kinachonizimia Mashine

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo, pamoja na unyenyekevu wote anaostahili mama aliyenizalia mke. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua macho yanakusumbua. Huku dukani hatujambo, isipokuwa mimi.

Binti yako, fundi simu, alikuja kwako Ijumaa na begi lake na ile mita ya kupimia umeme. Nina hakika hakukueleza yote. Tumegombana kwa ajili ya mtu wa tatu, naye ni kibao cha saketi kisichozidi kiganja, ambacho mafundi wanakiita BMS. Kazi yake, nasikia, ni kulinda betri ya lithiamu aliyoniundia binti yako kwa seli za kompyuta zilizokufa, ili umeme ukikatika mashine yangu ya kunyolea isilale. Betri naishukuru. Mlinzi ndiye simtaki, na sababu zangu ni hizi:

1. Kimependelewa tangu siku ya kwanza. Jumapili nzima binti yako alikiunga nyaya zake nyembamba, akaanzia upande wa hasi, akapanda kundi kwa kundi la seli, akipima kila waya kabla ya kuchomeka soketi. Nilipoulizia chakula niliambiwa ninyamaze, nisimvurugie mpangilio. Mimi tangu tuoane sijapimwa hata homa.

2. Kinakata umeme bila hodi. Mimi, baba wa nyumba, hata nikitaka kuzima taa huomba ruhusa.

3. Kinanivizia. Nikiwa na mkasi mkononi, betri haina neno. Nikiulaza mkasi ili nishike mashine, giza! Nikiuchukua tena nimalizie kwa mkono, umeme huo unarudi, kama vile unanicheka. Mwenye nyumba tuliyopanga alitoka hapa na ndevu upande mmoja, na sasa anauliza tutahama lini.

4. Hakina shukrani. Binti yako alikifungia ndani ya kifuniko cha plastiki. Mimi nikamwonea huruma kiumbe wa watu, nikakifungua kipate hewa. Kifuniko nikakifanya sahani ya vitana. Betri yenyewe nimeipa cheo cha meza: juu yake naulaza mkasi wangu wa chuma, ambao simruhusu mtu kuugusa.

5. Nilimwambia binti yako achague, kibao au mimi. Akaomba muda wa kufikiri. Ndiyo anafikiria huko kwako.

Mama, mafahali wawili hawakai zizi moja. Naomba uitishe kikao cha ukoo. Kibao kiletwe, kipewe kiti, kieleze kimetumwa na nani. Kikishindwa kujitetea king'olewe, betri iungwe moja kwa moja na mashine. Na ukoo ukiona kina haki, basi kilete posa rasmi, tujue binti yako ana waume wawili, tugawane zamu za kuosha vyombo.

Kwa adabu na uchungu naikunja barua. Nisalimie Baba Mkwe, shangazi na goti lake, na mashemeji wote, pamoja na yule aliyesema tangu mwanzo kwamba sifai.

Mkweo mtiifu,
Kinyozi

Nyongeza: Nilipoinuka kutafuta gundi ya bahasha niliulaza mkasi mahali pake, na umeme ukakata. Safari hii sikuwa na kichwa cha mtu mbele yangu, nikatazama. Ncha ya mkasi ilikuwa imegusa hasi, mpini umegusa chanya: shoti kamili. Nimekaa chini, Mama, nikahesabu. Kila kiliponizimia, mkasi ulikuwa pale pale. Bila kibao hicho duka lingeshaungua, na mimi ndani yake. Kikao kiahirishwe.

Na kwa kuwa macho yanakusumbua, najua anayekusomea ni yeye, na amefika hapa akicheka. Mke wangu, wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kifuniko nimekirudisha, mkasi nimeutundika ukutani. Njoo na mita yako uipime betri, halafu unipime na mimi.