Vigae vya Marthe na Shimo la Dokta

Jumapili, tarehe 1 Julai 2012

Choo kimejaa. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Wakwe wanakuja Jumamosi ya tarehe 14. Wanatoka kambi ya Oruchinga, Mzee Baudouin na mkewe Viviane, kumwomba mjukuu wangu Bénédicte kwa ajili ya kijana wao Pacifique. Wazazi wa Bénédicte walibaki Fizi, ardhini, sisi wawili tukakimbilia kambi hii. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama. Aibu ikija, inakuja kwangu. Mama wa watu akiuliza msalani ni wapi, nitamwonyesha nini? Nyasi?

Kabanda mchimba vyoo amekataa kuja. Ati nilimtukana. Sikumtukana. Nilisema tu mbele ya watu kwamba shimo lake la mwisho limepinda, na limepinda kweli. Mgongo wangu haushiki beleshi tena. Na Bénédicte hawezi kuwachimbia choo wakwe zake mwenyewe. Mtu gani anaposwa akiwa shimoni?

Jirani yangu Nyirabizimana ana choo cha simenti. Ametia na kufuli. Kufuli ya choo! Kwani mtu ataiba nini mle? Sitamwomba ufunguo. Heri wakwe warudi Oruchinga wamejibana.

Kanisani wametangaza kwamba wiki hii wanakuja watu wa chuo kikuu, kutafuta vitu vya watu wa kale waliokaa hapa kando ya ziwa. Watachimba. Nilikuwa nasinzia. Nikaamka.

Jumatatu, tarehe 2 Julai

Wamefika. Mkubwa wao ni mwanamke wa Mbarara, Dokta Kantengwa, na wanafunzi sita. Dokta, lakini hatibu. Nilimwonyesha goti, hakuligusa. Baba yake alikuwa askari pale Makenke, kwa hiyo kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, kinatembea kwa buti. Aliniita Mukaaka, yaani nyanya kwa lugha yao. Akaniuliza kama anaweza kuweka hema zake kwenye kiwanja changu.

Nikafikiri haraka. Hema saba, moshi, redio, soksi kwenye uzio wangu. Nikamwambia kwangu kuna siafu, kwa Nyirabizimana ndiyo pazuri. Nyirabizimana akakubali mara moja, bila hata kuuliza kitu. Mjinga. Nilicheka mpaka nikakaa.

Wanachotafuta ni vigae vya vyungu. Si dhahabu. Vipande vya chungu kilichovunjika! Wakiviona juu ya udongo, dokta alisema, hapo hapo wanafunga kamba nne na kuchimba.

Nimelisikia neno hilo. Nimelala nalo ubavuni.

Jumanne, tarehe 3 Julai

Asubuhi wanafunzi wamechimba kwa Nyirabizimana. Nyuma ya hema, karibu kabisa na uzio wetu. Kwa mabeleshi, wakipokezana, na kabla ya chakula cha mchana kichwa cha mtu kilikuwa hakionekani. Kisha wakaweka mbao na kuzungusha mikeka ili tusione walichopata. Kumbe yule mwanamke ana vigae! Na hakuniambia.

Haikuwa saa ya kuchelewa. Bénédicte alikuwa Misiera, kijiji cha jirani, kwenye cherehani yake. Nikachukua chungu changu cha zamani chenye ufa, nikakipiga jiwe. Vipande tisa. Vichache. Nikatazama kile kizuri, kikubwa, ambacho ningewapikia wakwe maharagwe. Nikakipiga nacho. Mikono yangu mwenyewe ilikifinyanga, kwa nakshi aliyonifundisha mama yangu: unasokota majani kama kamba, unaviringisha juu ya udongo mbichi, inaacha alama kama mistari ya mtama. Nimelia kidogo. Halafu nikaenda kuvizika pale pale ninapotaka choo, upande wa jua linapozama, mbali na jiko.

Nilijifanya napanda viazi. Nyirabizimana akachungulia juu ya uzio. "Mama Marthe, mu mavumbi hii unapanda viazi ya nini?" Nikamwambia viazi vyangu vinapenda mavumbi. Akasema basi viko kama mwenyewe. Nimelikumbuka hilo.

Alhamisi, tarehe 5 Julai

Nimempelekea dokta kigae kimoja ndani ya kitambaa. Nikasema nimekipata nikipanda viazi. Alikigeuza, akakinusa, akapitisha kidole kwenye nakshi kwa muda mrefu.

Akauliza nimekitoa wapi. Nikamwonyesha. Hatua tatu kutoka kwenye mgomba, nikasema, na shimo likiwa na kona nne zilizonyooka itapendeza. Akanitazama. Akaita wanafunzi.

Wamefunga kamba. Urefu wa mkeka, upana wa mlango. Kipimo cha choo hasa. Kabanda apite aone kamba iliyonyooka.

Ijumaa, tarehe 6 Julai

Hawa watu ni wagonjwa.

Hawachimbi. Wanakwangua. Kwa mwiko wa fundi ujenzi, kisha kwa brashi, wamepiga magoti. Kutwa nzima wameshuka upana wa kiganja kimoja. Udongo wanauchekecha kama unga wa harusi. Choo changu kinapigwa mswaki.

Nimemuuliza dokta kwa nini wasitumie mabeleshi kama kwa Nyirabizimana. Akasema kule ilikuwa kazi ingine. Nilijua tu kwamba kuna siri.

Nimehesabu kwa vidole. Kiganja kimoja kwa siku, mpaka wakwe wafike shimo halitamfika kuku shingoni. Nimewapelekea wanafunzi uji wa mtama wapate nguvu. Wamekunywa, wamelala chini ya mgomba.

Jumatatu, tarehe 9 Julai

Jana hawakufanya kazi. Na mimi kanisani niliomba wawe na haraka. Leo wameshuka viganja vitatu, maana dokta amesema tabaka hili ni tupu. Mungu anasikia.

Bénédicte anamuuliza nyanya yake kila saa wageni watajisaidia wapi. "Koko, bakwe bataenda fasi gani?" Namwambia anyamaze, choo kinachimbwa na chuo kikuu. Anasema Mama Nyirabizimana amejitolea kutupa ufunguo. Nikamwambia akiuchukua ufunguo huo, na mimi simtoi kwa mtu, atazeekea hapa pamoja nami. Akaenda kulia kwa Nyirabizimana. Kwa nani tena!

Jumatano, tarehe 11 Julai

Leo kelele shimoni. Wamefika usawa wa kiuno cha mtu na wamekuta vigae. Si vyangu! Vyangu viliisha juu juu siku ya kwanza. Hivi ni vyeusi, vizito, vimelala juu ya majivu na vipande vya chuma kilichoyeyuka. Dokta amenikalisha kwenye kiti chake, akaniwekea kimoja kwenye kiganja.

Nakshi ni ile ile. Kamba ya majani, imeviringishwa. Hata pale mwanamke aliyekifinyanga alipokosea akarudia, naona. Mimi pia hukosea pale, mkono ukichoka kuzunguka shingo ya chungu.

Dokta anasema wakipima mkaa uliokuwa chini yake watajua umri. Labda miaka mia saba. Labda zaidi. Nikamuuliza huyo mwanamke alikuwa wa kabila gani. Akasema hajui. Alikuwa mkimbizi? Akacheka, akasema hata hilo hajui, lakini pale alikaa muda mrefu, maana majivu ni mengi. Basi alipika. Alikuwa na wageni.

Nimefurahi kutwa, sijui kwa nini. Nimesahau hata kumkaripia Bénédicte.

Shimo sasa linanifika kifuani. Kona zimenyooka. Siku tatu zimebaki, zinatosha.

Alhamisi, tarehe 12 Julai

Wanafukia!

Niliwakuta asubuhi na mabeleshi. Sasa mabeleshi wanayo. Dokta anasema wakimaliza lazima warudishe udongo, ndiyo sheria ya kazi yao, shimo haliachwi wazi watoto wasije wakaanguka. Wiki nzima mnalipiga brashi, halafu mnalifukia?

Nikachukua kiti changu, nikashuka ndani kwa ngazi yao, nikakaa. Nikawaambia wafukie sasa. Wanafunzi wakatazamana. Mmoja akanipiga picha. Nyirabizimana akaja, Bénédicte akaja, nusu ya Misiera ikaja. Kabanda naye akaja, akaliangalia shimo pande zote. Akasema limenyooka. Hilo lilinitia uchungu kuliko yote.

Dokta akashuka, akachuchumaa mbele yangu. Nikamwambia kila kitu. Choo, wakwe, vyungu viwili. Nilisema kwa sauti ndogo lakini watu walikuwa wametega masikio.

Hakukasirika. "Mukaaka, ile yako mimi najua tangu siku ya kwanza. Ilikuwa na maharagwe."

Kwenye kile kigae nilichompelekea kulikuwa na harage limekauka. Alijua! Basi kwa nini umechimba, nikamuuliza. Akasema kwa mambo mawili. Mahali hapa palikuwa kwenye karatasi yao tangu Mbarara. Na alitaka kumjua mtu ambaye bado anaviringisha kamba ya majani. "Hii ya chini, mwenye alitengeneza amekufa, hawezi kuniambia mkono wake ulipita namna gani. Wewe uko mzima. Na uko na mdomo."

Nikamwambia mdomo ninao, choo sina. Akanishika mkono kunipandisha. Wakafukia.

Jumamosi, tarehe 14 Julai

Wakwe wamefika saa nne. Mzee Baudouin kavaa koti zito, Mama Viviane kitenge kipya. Maharagwe nimepika kwenye chungu cha kuazima cha Nyirabizimana. Kile changu kimeshaenda Mbarara ndani ya mfuko wenye namba. Bénédicte ndiye aliyekiazima. Mimi nilikuwa natazama upande mwingine.

Maneno yalikwenda vizuri. Tulifika kwenye soda. Hapo Mama Viviane akaniinamia sikioni, akauliza kwa adabu. Nikaanza kusema kuhusu mvua, na wala haijanyesha tangu Mei.

Nyirabizimana akaita kutoka uzioni. "Mama Marthe, mupitishe mugeni, njia iko wazi!"

Alikuwa amekata uzio, nafasi ya mtu mmoja. Kupitia hapo nikaona ile mikeka ya wanafunzi, mbao, na shimo lao. Choo. Kirefu, kipya, kimenyooka. Walikuwa wamejichimbia wenyewe siku ile, kwa kuwa wenye hema nao wana matumbo. Dokta, kabla ya kuondoka jana, alimwachia Nyirabizimana. Nyirabizimana akasema yeye anacho chake, hiki kiko karibu na mlango wangu kuliko wake, basi kiwe changu.

Mama Viviane alirudi ameridhika. Mzee Baudouin naye akaenda, akakaa, akarudi, akauliza fundi ni nani. Nikamjibu: chuo kikuu. Si uongo. Nyuma ya uzio mtu alikohoa.

Wamekubali. Harusi ni Oktoba. Bénédicte amenikumbatia mpaka mgongo ukalia, halafu akamkumbatia Nyirabizimana kwa muda mrefu zaidi. Nilihesabu. Jioni nilimpelekea Nyirabizimana sahani ya nyama. Nilimwambia choo alichonipa kiko sawa. Akasema asante, na kwamba ningekubali hema siku ile kingekuwa changu tangu mwanzo, bila kuvunja chungu. Nikamwambia asiharibu nyama kwa maneno mengi.

Jumatatu, tarehe 16 Julai

Nimeketi kwenye choo changu na nimefikiri vizuri. Nikisema kweli, mpango wangu ulifanikiwa. Nilitaka choo kichimbwe na wale watu, na wale watu wamechimba choo. Kosa lilikuwa hatua chache tu.

Dokta ameacha barua. Anarudi mwisho wa Agosti na wanafunzi kumi na wawili. Nitawafundisha kufinyanga mbele ya kamera. Anaomba pia, kwa adabu, kwamba nisimsaidie kutafuta.

Kumi na wawili. Mwisho wa Agosti. Na shamba langu la maharagwe kule bondeni ni gumu kama barabara, na linatakiwa kulimwa kabla ya mvua ya Septemba. Kule mtu akieneza vigae kidogo kidogo, kona hadi kona, watafunga kamba shamba zima.

Safari hii nitavikwangua maharagwe kwanza.

Chungu cha Nyirabizimana bado kiko kwangu. Ni kikubwa. Kitatoa vipande vingi.