Shoti Kanisuta Kwenye Kanda Yake Mwenyewe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. Na aliyenivua ni marehemu.

Nyie rafiki zangu mliohamia Dar mna bahati, hamkuwepo. Nawaandikia haraka hapa kibandani kabla Saidi hajawaandikia, maana huyo ataongeza chumvi, na kisa hiki kimeshakolea chenyewe.

Mnajua kwamba Masanja Shoti alipofariki aliacha sanduku la kanda. Kwa aliyesahau (mtu atamsahauje Shoti?), huyu ndiye mpiga gitaa pekee Mwanza nzima aliyepiga roki wakati watu wamelipa kiingilio wacheze dansi. Tunapiga rumba taratibu, watu wamekumbatiana, ghafla mwenzetu anakanyaga kile kiboksi chake cha kukwaruzisha sauti na gitaa linanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa pamba. Wachezaji wanaachana. Mwenye baa anashika kichwa. Mimi niko nyuma na besi langu, nimevimba kifua kana kwamba niliyekanyaga ni mimi.

Sasa, kwenye hilo sanduku mlikuwa na nyimbo alizojirekodia mwenyewe chumbani, kwa redio kaseti. Hakuna hata moja iliyowahi kutoka. Miaka miwili yote tangu tumzike kule Kisesa, mkewe, Mama Kulwa, alikuwa analitunza chini ya kitanda. Mwezi uliopita akatokea kaka wa marehemu, Mwalimu Elikana. Huyu anafundisha kwaya. Alitaka kanda zile azifute, arekodi kwaya juu yake.

"Shemeji, hizi ni kelele tu," akamwambia Mama Kulwa. "Hata mwenyewe hakuzitoa. Angeona zinafaa si angezitoa?"

Mama Kulwa akaja mbio hapa kibandani Mkuyuni, ninapotengeneza redio na kurekodia watu kanda. Mwalimu nyuma yake.

"Foti, wewe ulikuwa rafiki yake," akasema. "Mwambie huyu shemeji yangu."

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mtu mwenye busara angesema, ngoja kwanza nizisikilize. Mimi nikaweka bisibisi chini, nikasimama.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi mkono wa Shoti naujua hata nikiwa usingizini. Niachieni hilo sanduku. Nitatoa albamu, na Mwanza nzima itajua tumempoteza nani."

Mwalimu Elikana si mtu wa maneno mengi. "Marahaba. Siku ya kuizindua nitakuja. Nikisikia muziki, nitanyamaza. Nikisikia kelele, nachukua sanduku langu naenda."

Mama Kulwa akanitazama. Nikamwambia, "Kubali shemeji, usiogope." Akakubali. Alikubali kwa sababu yangu mimi, mlishike hilo.

Nikasikiliza wiki tatu. Nyimbo saba hazikunipa shida hata kidogo. Shoti mtupu! Nyingine unasikia hata kuku wa jirani kwa mbali, lakini gitaa linakuchoma mpaka kwenye mifupa. Tatizo likaja kwenye ya nane. Hiyo ilikuwa kwenye kanda moja isiyoandikwa kitu, imefungwa kwenye soksi chini kabisa ya sanduku. Nikaiweka. Ikaanza: kwaruuu! Kimya. Kwaruuu tena. Halafu kitu kama mlango wa geti lenye kutu. Halafu kimya kirefu. Halafu geti tena, safari hii na hasira.

Nywele zilinisimama. Nikajua nimekutana na kazi yake kubwa kuliko zote. Kwa nini aifunge kwenye soksi kama haina thamani?

Nikamwita Saidi, mpiga dramu wetu, aje asikilize. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Foti, hii mbona kama mtu anaburuta kitanda?"

"Saidi, wewe ni mpiga dramu. Masikio yako yalishakufa siku nyingi."

"Mimi nasema tu. Hata vidole havijui vinakwenda wapi."

"Ndiyo roki yenyewe hiyo! Shoti alikuwa ametutangulia."

Akanyamaza. (Saidi akinyamaza hivyo ujue amekuwekea akiba.) Nikaupa wimbo jina mimi mwenyewe: "Jiwe Linalia". Si mnajua tena, mji wetu na mawe yake. Kwenye albamu nikaukata pale sauti inapoisha. Kilichofuata kwenye kanda ni kimya, nikaona sina haja ya kuendelea.

Ndiyo leo sasa. Jumapili, saa nane mchana, watu wametoka kanisani na wamekwishakula. Ukumbi nimeupata hapa hapa Mkuyuni. Nimevaa koti la ngozi nililochagua kwenye mitumba, na jua la Mwanza mnalijua. Natiririka jasho kama sato aliyetolewa kwenye barafu. Lakini uzinduzi wa roki bila koti la ngozi unakuwaje?

Watu wakaja! Vijana wa kiwanda cha minofu ya sangara, wapenzi wetu wa zamani, mpaka dada mmoja mtangazaji kutoka redio hizi mpya za watu binafsi, amekuja na kinasa sauti chake. Mstari wa mbele Mama Kulwa na kitenge kipya, wanawe mapacha Kulwa na Doto wamekaa kila mmoja upande wake. Pembeni yao shangazi wa marehemu, bibi mtu mzima, katoka Kisesa asubuhi kashukia stendi ya Buzuruga. Na Mwalimu Elikana, suti ya kijivu, Biblia mkononi, na gunia tupu limekunjwa vizuri juu ya goti. Alikuja na gunia la kubebea kanda, jamani!

Tukaanza. Saidi yuko kwenye mashine, mimi nina kipaza sauti. Wimbo wa kwanza, makofi. Wa pili, vijana wa kiwandani wamesimama. Wa nne nikamwona Mwalimu Elikana mguu wake unagonga sakafu. Alipogundua naangalia, akauzuia kwa kuuweka juu ya mwingine. Wa saba ulipoisha, ukumbi mzima unashangilia, Mama Kulwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema, asanteni, karibuni mnunue kanda. Mimi nikasogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Ndugu zangu, hizo zote zilikuwa utangulizi."

Saidi akaniangalia. Nikaendelea. Nikasema wimbo wa mwisho hatutaucheza kutoka kwenye nakala, tutaucheza kutoka kwenye kanda yenyewe, ile aliyoigusa kwa mkono wake. Nikaitoa kwenye soksi taratibu, kama padri anayetoa kitu kitakatifu. Saidi akaiweka.

Kwaruuu!

Watu wakatazamana. Nikaona bila maelezo hawataelewa, basi nikaanza kuwaelezea juu ya wimbo. "Hapo mnasikia jiwe la chini linamlalamikia jiwe la juu... Sasa hapo, sikilizeni! Hicho kimya amekiweka makusudi. Hapo jiwe linafikiri." Dada mtangazaji anasogeza kinasa sauti chake karibu zaidi. "Na hapa mwisho, ndugu zangu, hapa ni roho ya Shoti inavunja minyororo." Nilisema hivyo. Roho. Minyororo. Mbele ya mwalimu wa kwaya.

Sauti ikaisha. Ukumbi kimya. Mimi nikajua wameguswa.

"Naomba tusimame dakika moja tumkumbuke."

Wakasimama. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Kwa pembe ya jicho (nilifumba moja tu vizuri) nikamwona Saidi ananyoosha mkono azime mashine. Nikamkataza kwa kidole, maana ile mashine ukiizima inapiga "ka!", na mimi sikutaka "ka!" katikati ya majonzi.

Kanda ikaendelea kuzunguka. Shhhhh. Watu mia na zaidi, hata kikohozi hakuna.

"FOTI!"

Ilikuwa sauti yake. Shoti mwenyewe, kutoka kwenye spika mbili kubwa. Na mimi, jamani, naomba Mungu anisamehe, kabla sijafikiri chochote, niliitika. Kwenye kipaza sauti.

"Naam kaka!"

Ukumbi ukalipuka. Shangazi akarusha mikono juu: "Masanja! Yumo kwenye ledio! Mtoeni mtoto wangu!" Waliokuwa nyuma wakaanza kugombania mlango. Kijana mmoja wa kiwandani akatokea dirishani, na dirisha lilikuwa na wavu. Na Shoti hakuwa na haraka, akaendelea.

"Foti, umelifanya nini gitaa langu?"

Halafu ikaja sauti nyingine. Nyembamba, ya mtu aliyekunywa mbili tatu. Nikaitambua. Ilikuwa yangu.

"Kaka, nilikuwa najaribu kidogo tu."

"Kujaribu? Nimekwenda kununua mkaa, narudi majirani wamejaa mlangoni wanauliza nani anachinjwa!"

"Si nilianza vizuri? Ila pale katikati kile kidude cha kupigia nyuzi kikaniponyoka, kikaingia chini ya kitanda. Ikabidi nikitafute."

(Hapo jiwe linafikiri. Kumbe jiwe liko uvunguni, linapapasa.)

Waliokuwa wanakimbia wakasimama. Wakageuka. Macho yote kwangu na koti langu la ngozi. Mtaniuliza, ulisahauje, Foti? Miaka sita, jamani! Na siku yenyewe nilikuwa nimelewa. Nikataka kumwambia Saidi azime. Nikapunga mkono. Saidi akakunja mikono yake kifuani.

"Na ukarekodi kabisa," Shoti akasema.

"Nilitaka uisikie, kaka. Nahisi nimegundua mtindo."

Hapo marehemu akaanza kucheka. Mnakumbuka alivyokuwa anacheka? Anaanza kwa kukohoa, halafu anapanda, anapanda, mpaka anakosa pumzi na kupiga ukuta kwa kiganja. Pa! Pa! Pa! Tukamsikia anapiga ukuta.

"Foti ndugu yangu, Mungu kakupa besi. Baki na besi. Na hii kanda naificha, nisije nikafa watu wakadhani nimepiga mimi."

Ka! Kanda ikaisha yenyewe.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, Mkuyuni chini ni mwamba mtupu. Nikamwangalia Mama Kulwa. Alikuwa ameinama, kitenge kimefunika uso, mabega yanatikisika. Mwanamke huyu aliniamini mbele ya ukoo wa mumewe, na mimi nimemfanyia vichekesho juu ya msiba. Nikaruka kutoka jukwaani, nikapiga magoti mbele yake.

"Shemeji, nisamehe. Nisamehe sana."

Akafunua uso. Alikuwa anacheka. Machozi yanamwagika na anacheka. Doto akamvuta kitenge.

"Mama, yule anayecheka ni baba?"

"Ndiyo mwanangu," akasema. "Ndivyo baba yako alivyokuwa anacheka."

Kulwa akatazama zile spika, halafu akanitazama mimi. "Anamcheka huyu?"

"Anamcheka huyu."

Wale watoto walikuwa wadogo mno baba yao alipoondoka. Kwenye sanduku zima, Shoti anapiga gitaa tu. Hasemi neno. Kumbe sauti yake ilikuwa kwenye soksi, pamoja na aibu yangu.

"Rudisha, Foti," Mama Kulwa akasema. "Rudisha nimsikie."

Mngekataa? Nikarudisha. Mara ya pili ukumbi mzima umekaa kimya unasikiliza, mpaka yule wa dirishani amerudi, shati limechanika. Mara ya tatu wameshajua maneno. Shoti akiita "FOTI!", watu mia wanaitika kwa pamoja: "NAAM KAKA!" Shangazi naye anaitika, tena ndiye wa kwanza.

Mwalimu Elikana akainuka. Vicheko vikapungua. Akaja mpaka nilipo, kasimama mbele yangu na gunia lake.

"Foti. Ulisema mkono wa Masanja unaujua hata usingizini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wa kwako?"

Uso wake ukaanza kutetemeka pembeni ya mdomo, akakohoa kidogo, kicheko kikapanda, kikapanda, mara huyo anapiga mgongo wa kiti kwa kiganja. Pa! Pa! Pa! Kicheko kile kile! Nilimjua mtu huyu miaka yote, sikujua kama anacho. Alipopata pumzi akamgeukia Mama Kulwa.

"Shemeji, sanduku ni lako na wanao. Mimi nirekodiwe kanda moja tu. Hiyo ya mwisho. Nyumbani mama hajasikia sauti ya mwanawe muda mrefu."

Basi wakaanza kupanga foleni kununua albamu. Nikashukuru Mungu. Wa kwanza akauliza, "Humu yale mazungumzo yamo?" Nikamwambia hapana, nilikata pale muziki ulipoishia. Akairudisha mezani. Wa pili akairudisha. Wote wakairudisha! Wanataka yenye "Naam kaka". Kwa hiyo mwenzenu hivi nawaandikia huku deki zote mbili zinazunguka, nanakili upya albamu nzima, na kila baada ya muda Shoti ananifokea mbele ya wateja wanaosubiri.

Mama Kulwa amepita sasa hivi kuangalia jalada. Amesema kila kitu kiandikwe kwa haki. Nyimbo saba, gitaa: Masanja Shoti. Wa nane, gitaa: Foti. Nimejaribu kubisha, akaanza kucheka tena, nikaandika.

Yule dada wa redio naye kasema kipande hicho atakirusha hewani Jumatano, saa ambayo watu wengi wanasikiliza. Namshukuru Mungu mawimbi yao hayafiki Dar.

Somo nimelipata: kanda ya marehemu isikilize mpaka mwisho, ndipo ulie. Na mnaocheka, chekeni huko huko mliko, barua yenu nikiikuta ina "Naam kaka" naichana.

Wenu,
Foti (mpiga besi)