Debe la Mbegu za Maboga

Ndugu zangu wa Mikumi, leo nimeumbuka. Nawaandikia nikiwa bado na majivu miguuni.

Mnajua kijiji kilinikabidhi debe la mbegu za maboga, za kupanda shamba la ujamaa. Tulizichanganya na majivu zisibunguliwe. Msichojua ni kwamba tangu kiangazi mkojo unanitesa. Nasimama chooni, nasubiri, yanatoka matone. Nikasikia mbegu za maboga zinasaidia tezi dume. Nikasema konzi moja tu, kijiji hakitafilisika. Nikachekecha, nikakaanga, nikatafuna. Tamu, jamani. Kesho yake konzi nyingine. Majivu nilikuwa nayarudisha debeni, na ya jikoni nikiongeza ili zilizobaki zisibunguliwe, kwa hiyo kila nikichungulia naona limejaa. (Mwenye akili angelinyanyua.)

Leo mvua imekubali, kijiji kizima kiko shambani na majembe. Mwenyekiti akalinyanyua debe. "Mbona jepesi?" Akalimimina kwenye ungo. Majivu matupu, na mbegu saba.

Akanigeukia. "Ndugu, mbegu za wananchi umeziuza?"

Hapo nilikwama. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa mali ya kijiji. Nikisema, mbele yangu amesimama mama mkwe, ambaye tangu nioe sijathubutu hata kula mbele yake (asubuhi shikamoo nilimpa nikiwa ng'ambo ya mfereji). Leo nimsimulie habari za mkojo!

Nikatazama chini. "Nimezila. Mkojo hautoki vizuri."

Mke wangu akajifunika kanga usoni. Nikatamani ardhi inimeze na debe langu.

Kisha mama mkwe akasema, uso ameugeuzia upande wa pili kwa heshima: "Baba, mkwe wako mzee alizitafuna hizo mwaka mzima, akanenepa tu. Kilichomsaidia ni kwenda hospitali Berega. Siku hizi hanisumbui. Wewe nenda, mbegu za kupanda nitatoa mimi."

Watu wakacheka mpaka majembe yakawaanguka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Akanivuta kando.

"Berega unakwenda lini?"

"Keshokutwa."

"Nipitie nyumbani," akanong'ona. "Na mimi nina muda mrefu."

Basi tunakwenda wawili, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi moyo wangu umetulia. Debe jipya amepewa mama mkwe alitunze. Nanyi msinicheke sana, tezi hiyo mnayo.