Bon ya Damien

Jumatatu, 6 Juni 1955
Damien amenunua bon! Damien huyu mshonaji wa mtaa wa Kimanga, ambaye mashati yake sharti yaje kwangu Rugenge kupigwa pasi ndipo yafanane na mashati. Kooperative ya pamba, chama chetu cha ushirika, inataka kujenga ghala. Badala ya kukopa kwa matajiri peke yao, imetoa bon, hati ndogo ndogo za mkopo za faranga mia, hata mkulima wa Runingu aweze kuikopesha. Kila mwaka unakata kipande cha pembeni, kinaitwa kupo, unalipwa faranga nne. Baada ya miaka kumi unarudishiwa mia yako. Damien ameitia yake katika kioo na kuitundika juu ya cherehani. Watu wanamiminika kuitazama kama mtoto mchanga.

Apollinarie, muuguzi wa dispanseri, naye amekwenda. Amekaa huko mpaka jua likapinda. Kwangu huleta gauni lake jeupe la kazi, husema "Kesho, Gratien," basi, huyo!

Jumanne, 7 Juni
Nimemnong'oneza mama Domitille, muuza samaki wadogo wa ndagala, kwamba bon ni ujanja wa kupandisha kodi. Kumnong'oneza Domitille ni kupiga ngoma. Lakini habari imefika Kimanga imegeuka: eti mwenye bon hatalipa kodi tena. Watu wamekimbilia kununua. Wanamshukuru Damien!

Alhamisi, 9 Juni
Nimeuza baiskeli. Nimenunua bon. Libérat, karani wa kooperative, ameuliza kama nimeelewa masharti. Nimemjibu kwamba mimi si mtoto. Namba yangu ni kubwa kuliko ya Damien! Nimepita mbele ya duka lake polepole, bon mkononi. Ameniuliza baiskeli iko wapi. Roho mbaya ile.

Ijumaa, 10 Juni
Wazo! Kwa nini kungoja miaka kumi? Nimekata kupo zote, nikampelekea Libérat anilipe leo leo, ninunue kioo kipana kuliko cha Damien. Libérat ameshika kichwa. Kupo ya 1961, amesema, inalipwa 1961.

"Weye Gratien, miaka haikatwi na mukasi!"

Ameniamuru nizigandishe zote mahali pake, la sivyo hazitapokelewa kamwe. Foleni nzima imecheka. Nimecheka nao, ili wasijue ni mimi wanayemcheka.

Jumamosi, 11 Juni
Nimezigandisha kwa wanga wa muhogo, ule wa kola. Nimeilaza bon kifudifudi juu ya nguo laini, nikapitisha pasi taratibu. Zimeshika! Bon imesimama wima kama kola ya padri. Damien ajaribu hiyo!

Jioni Apollinarie amechukua gauni lake. Ametabasamu. Kwangu!

Jumatatu, 13 Juni
Ile nguo laini ilikuwa gauni lake.

Wino wa kupo umehamia mgongoni mwa gauni: faranga nne, faranga nne, kinyumenyume, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Amezunguka nalo dispanseri asubuhi nzima. Mzee mmoja mwenye jipu amemtolea pesa, akauliza kama ndiyo bei yake. Amekuja kwangu.

"Gratien, minye niko bidhaa?"

Hapo ningepiga magoti. Nilichofanya ni kumuuliza kama naweza kulitazama gauni, nijue wino kiasi gani umebaki kwenye bon. Ameondoka nalo. Amekata kona ya kwenda Kimanga.

Jumatano, 15 Juni
Damien amemshonea gauni jipya, amekataa malipo. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikijifanya nafunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa sandali. Wanacheka mle ndani. Watu wawili na cherehani wana nini cha kuchekea?

Jumapili, 26 Juni
Baada ya misa wametangaza uchumba. Mzee Habonimana, baba yake Apollinarie, amepokea posa ya Damien. Niliketi kwenye ngazi za kanisa.

Apollinarie mwenyewe amekuja akaketi kando yangu. Hakuwa na hasira tena, na hilo limeniuma zaidi. "Gratien," amesema, "nilikuwa naleta gauni hata likiwa safi. Nilingoja useme neno. Damien alisema." Kisha ameongeza kwamba ili apate mbuzi na pombe ya posa, Damien ameuza bon yake bila kufikiri mara mbili.

Ameuza!

Maneno mengine sikuyasikia. Damien hana bon! Mimi ninayo, yeye hana! Nimempa Apollinarie mkono wa heri kwa moyo mweupe kabisa, nikaenda nyumbani naimba. Nimeshinda!

Njiani nimekutana na mama Domitille. Nimemuuliza nani aliyeinunua. Antoine, amesema, yule mfyatua matofali. Tena alikuwa nayo moja tayari.

Mbili! Antoine! Mtu anayelala kwenye mkeka!

Kesho asubuhi nauza pasi.